Mama Ameshika Bomba kwa Mkono Mtupu

Wageni wakisikia nyumba yetu ya Garsen ina shawa ya umeme hushangaa: joto lote hili, maji ya moto ya nini? Hawajaamka na mama mwenye baridi yabisi ya magoti mwezi wa Julai, kusi likivuma alfajiri. Zamani tulimchemshia maji kwa makaa. Tulipofunga shawa tuliona tumepona.

Lakini bomba la kufungulia lilikuwa linarusha. Si sana, mwasho tu vidoleni, na nyumba nzima ikazoea: vaa champali, shika kwa kitambaa kikavu, fungua haraka. Watoto walifundishwa hivyo kama wanavyofundishwa shikamoo. Baada ya mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023, maji ya mfereji yalikatika, tukajaza tangi kwa maji ya kisima, ambayo yana chumvi. Shoti ikazidi. Siku moja mama alirushwa hadi akagonga ukuta. Akaapa haingii tena humo, akarudia ndoo yake.

Nikamtafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Alizima swichi kuu, akafungua kifuniko, akaniita nitazame. Koili ya kupashia maji ilikuwa uchi, imeganda chumvi nyeupe. Ndivyo shawa nyingi za bei nafuu zilivyo: koili imo ndani ya maji yenyewe. Maji matamu hupitisha stima kidogo. Ya chumvi huipitisha kwa wingi, ikafuata maji mpaka kwenye bomba na kwa anayeoga. Waya wa ethi ndio unaopaswa kuipeleka ardhini kabla haijakufikia. Wetu ulikuwa umekatwa, umeviringwa utepe mweusi na kusukumwa ukutani. Niliushika nikatetemeka. Wanangu wameoga chini ya kitu hiki tangu wakiwa wadogo.

Shawa ya wati 5,500 kwenye stima yetu ya volti 240 hula karibu ampea 23. Nyaya zilikuwa za milimita 2.5, zile za soketi, na plastiki yake imeshaungua rangi ya kahawia. Fundi alivuta za milimita 6, akaipa shawa breka yake peke yake, akapigilia fimbo mpya ya ethi nje, akafunga na kifaa kinachokata stima ikivuja miliampea 30 tu. Shawa mpya ni ile ya maji ya chumvi: koili yake imefichwa ndani ya mrija wa chuma, haigusi maji. Ni ghali zaidi, na wallahi inastahili kila shilingi.

"Mwanangu, nishike hivi hivi?" mama alimuuliza fundi.

"Shika, mama."

Akafungua, akafunga, akafungua tena. Kisha akatufukuza sote, anataka kuoga.

Chumvi hii haituondokei. Kule Ozi na Kipini, mto Tana ukipungua bahari hupanda ndani na kuua mpunga mashambani. Kwa hiyo siku hizi nikialikwa kwa jirani naomba kuona bafu kabla ya chai, na sioni haya. Kaka yangu wa Minjila bado anafungulia kwa kitambaa, eti wao wameshazoea. Fundi anakwenda kwake Jumamosi. Nimeshamlipa.