Kitabu cha Gari

Magari mengi hutoka kiwandani pamoja na kitabu cha maelekezo. Kitabu hicho hulazwa katika kisanduku kilicho mbele ya abiria, na magari mengi huzeeka kabla hakijasomwa. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wasiokisoma, na alama ya uzembe wangu ninayo mkononi hata leo.

Gari langu la kwanza lilikuwa limekwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani. Nilikifunua upesi, nikaona picha ya mkono karibu na mvuke, nikakitupa. Siku moja, nilipokuwa nikipanda kutoka Mombasa kwenda Mariakani, mshale wa joto ulifika mwisho. Nilisimama, nikafunua boneti, nikazungusha kifuniko cha rejeta. Maji yaliruka, yakaniunguza toka kiganja mpaka kiwiko.

Nilipopona nilitafuta kitabu cha gari la aina ile kwa Kiingereza. Onyo lilikuwamo: kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Sababu yake si ngumu. Maji yaliyobanwa ndani ya rejeta hupita joto la digrii 100 bila ya kuchemka. Kifuniko kilegeapo, mbano huondoka, na maji hugeuka mvuke mara moja. Ndipo nilipoikumbuka ile picha. Picha haikuhitaji Kijapani.

Tangu hapo nilikifanya kitabu kuwa bwana wangu, nikaingia katika kosa la pili. Kilieleza taa na swichi ambazo gari langu halikuwa nazo, kwa kuwa kiliandikwa kwa magari yaliyouzwa nchi nyingine. Hilo nililivumilia. Lakini juu ya oili nilishika hesabu ya kwanza niliyoiona, nikangoja kilomita zitimie. Fundi alipoimwaga, ilitoka nzito na nyeusi kama lami.

"Ndugu yangu," aliniambia, "njia ya kwenu ni vumbi tupu. Kitabu chako hakisemi neno juu ya vumbi?"

Nilikifungua kwa hasira, nikitumaini kukishtaki. Chini ya hesabu ile palikuwa na nyingine, ya magari yaendayo katika vumbi na safari fupi fupi: oili yake hubadilishwa mapema zaidi. Kitabu hakikukosea. Aliyekosea ni msomaji aliyeishia nusu ya ukurasa.

Kitabu ni shahidi wa aliyeliunda gari, na fundi ni shahidi wa barabara. Shahidi mmoja hakuona mashimo yetu. Wa pili hakuona michoro ya kiwanda. Mwenye gari ndiye hakimu, naye hawezi kuhukumu kwa haki asipowasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Kijana atakayeshika usukani kesho na aanze kwa kufungua kisanduku kile.