Leipzig, Mji Uliofundisha Sauti Nne

Mgeni ashukaye katika stesheni kuu ya reli ya Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, huhitaji mwendo wa robo saa hivi kwa miguu kufika kanisa la Mtakatifu Thomas. Nje ya kanisa hilo imesimama sanamu ya Johann Sebastian Bach, iliyowekwa mwaka 1908. Mfuko mmoja wa koti lake umepinduliwa nje, kama wa mtu asiye na hata senti.

Bach aliajiriwa hapa mwaka 1723 aongoze muziki wa makanisa na kuwafundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas. Wakuu wa mji walikuwa wamemtaka kwanza Telemann, kisha Graupner, nao wakakosekana. Katika barua ya mwaka 1730 alilalamika kwamba hewa ikiwa nzuri mazishi hupungua, na malipo yake hupungua nayo. Mtumishi aliyewahi kuingoja posho atamwelewa. Hata hivyo, miaka yake ya mwanzo alitoa karibu kila Jumapili kazi mpya ya kuimbwa, ikinakiliwa kwa mkono na kuimbwa na wavulana wale wale.

Ajifunzaye nadharia ya muziki wa Ulaya hukutana na Bach mapema. Nyimbo zake za kanisa za sauti nne hutumiwa mpaka leo kufundishia jinsi sauti zipatanavyo: besi huweka msingi, sauti ya kwanza hubeba wimbo, na mbili za kati hushika kila moja njia yake. Kosa mashuhuri la wanafunzi ni kuziacha sauti mbili zipande na kushuka pamoja kwa nafasi ile ile ya noti tano. Hapo moja humezwa na nyingine, na sauti nne husikika kama tatu. Mwanakwaya wa Machame hatayaona mageni mambo haya, kwani wamisheni wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na shirika la Leipzig hiyo hiyo.

Bach alifariki mwaka 1750, na sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa haijapigwa chapa. Mwaka 1829, huko Berlin, kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliifufua kazi yake kuu ya Mateso kwa Injili ya Mathayo. Baadaye Mendelssohn alihamia Leipzig, na mwaka 1843 akaanzisha chuo cha muziki ambacho kingali kinafundisha. Lakini mwaka 1936 sanamu yake mjini humo iliondolewa chini ya utawala wa Wanazi, kwa kuwa alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi. Mji ulikaa bila sanamu hiyo hadi mwaka 2008, nakala yake iliposimamishwa karibu na kanisa la Mtakatifu Thomas.

Kwaya ya wavulana, ambayo asili yake ni mwaka 1212, huimba humo kanisani Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri wakati wa masomo. Atakaye kiti na awahi. Kaburi la Bach limo humo tangu mwaka 1950, mbele ya madhabahu.