Kuamia Ndege

Utotoni, Pemba, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege mpungani: kupiga debe na ukelele mpaka waende zao. Disemba iliyopita, kaskazini ya Toronto, baada ya kozi mbili na mitihani yake, nililala chali katika konde la mahindi yaliyokwishavunwa, theluji mgongoni, sanamu za mabata bukini zimenizunguka. Mwenyeji wangu alipuliza filimbi inayoiga mlio wao. Walio hai wakajibu, wakashuka. Bunduki ilijaa marisau ya chuma, kwani ya risasi yamekatazwa huku. Nikatamka bismillahi, nikainuka. Koo likanitangulia: ukelele wa mpungani, mkali kama wa mtoto wa miaka minane. Kundi zima likageuka. Mwenyeji hakunisemesha hadi garini, alipouliza ile ilikuwa lugha gani.