Mkeka Mmoja, Mizani Mbili

Michezo ni sehemu ya utamaduni wa kila taifa, kwani namna watu wanavyoshindana huonyesha namna wanavyoheshimiana. Sisi wa mwambao wa Tanga twalijua jambo hilo tangu zamani. Wazee wetu walishindana kwa beni, Marini wakikabiliana na Arinoti. Bibi zetu nao walishindana kwa lelemama, kwa mavazi, nyimbo na karamu. Mwanamke wa pwani, basi, si mgeni wa mashindano. Lililokuwa geni kwake ni mashindano ya kukamatana na kuangushana.

Mama mmoja wa Ngamiani, ambaye binti yake alitaka kujifunza judo, aliniuliza: "Mwalimu, mwanangu akibwagwa chini mbele ya watu, heshima yetu itabaki wapi?" Nilimjibu: "Mama, katika judo somo la kwanza ni kuanguka, na mvulana naye huanza na somo hilohilo." Hata hivyo swali lake lilinifikirisha. Yatupasa kupambanua tofauti zilizoletwa na maumbile na zile zilizowekwa na watu.

Tofauti ya maumbile ipo, wala hakuna haja ya kuikana. Baada ya kubalehe, mwanamume kwa kawaida huwa na misuli mingi zaidi, hasa ya mabega na mikono. Kwa hiyo katika Olimpiki kila upande una mizani yake: madaraja ya wanaume huanzia kilo 60 hadi zaidi ya 100, na ya wanawake kilo 48 hadi zaidi ya 78. Lakini tukumbuke kwamba mizani haikubuniwa kwa ajili ya wanawake. Mashindano ya dunia ya wanaume yalipoanza mwaka 1956 hayakuwa na madaraja ya uzito. Yaliwekwa baadaye ili mwanamume mwepesi asimezwe na mzito. Mwaka 2024 mjini Paris, Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika uzito wa kilo 73. Hakuna aliyemdharau kwa kutopambanishwa na mtu wa kilo 100. Kwa nini basi msichana wa kilo 48 adharauliwe?

Tofauti zilizowekwa na watu ndizo zilizokuwa nzito zaidi. Kano Jigoro aliasisi judo mwaka 1882, na wanaume wakaingia Olimpiki mwaka 1964. Wanawake walingoja medali zao hadi 1992, yaani miaka 28. Mwaka 1959 katika jimbo la New York, Rusty Kanokogi alishindana miongoni mwa wanaume, akashinda, kisha akanyang'anywa medali kwa kuwa ni mwanamke. Hakukata tamaa: mwaka 1980, katika mji wa New York, aliongoza maandalizi ya mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake. Hata muda wa pambano uliwahi kutofautiana, wanaume dakika tano na wanawake nne. Tangu 2017 ni dakika nne kwa wote.

Kuhusu sitara, vazi la judo ni zito na pana, na mwanamke huvaa fulana ndani yake. Mwaka 2012 mjini London, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia aliruhusiwa kushindana akiwa amefunika nywele. Alishindwa kwa sekunde 82 tu, lakini mlango alioufungua haukufungwa kwa kushindwa kwake.

Tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Olimpiki ina pambano la timu za mchanganyiko: wanaume watatu na wanawake watatu. Mwanamume hupambana na mwanamume, mwanamke na mwanamke, na ushindi wa kila mmoja huhesabiwa sawasawa. Huo, kwa maoni yangu, ndio usawa wa kweli: hausemi kwamba miili yetu ni mamoja, bali kwamba jasho letu lina thamani moja. Walimu na wanafunzi wenzangu, tuwape binti zetu mkeka, wajifunze kuanguka, na zaidi wajifunze kuinuka.