Funzo la Marudio

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Kahama, nilifuta folda ya mahojiano niliyofanya na wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Nilitaka nafasi katika flashi. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Kidole kilichozoea kujibu "ndiyo" kikajibu tena. Nilipogundua kosa, nilifungua kapu la taka. Folda haikuwamo. Katika Windows, kinachofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipitii kapuni, nami nilikuwa nimekwisha kuijaza mafaili mengine.

Kapu hilo limo katika Windows tangu 1995. Waliolibuni walitambua kwamba binadamu hukosea, na kwamba swali analoulizwa kila siku huacha kumlinda. Kinachomlinda ni njia ya kurudi. Mbona basi njia hiyo inakosekana kwenye flashi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kabati la nyaraka?

Wachimbaji wa Geita wanalijua jambo hili. Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa hawautupi. Huurundika, wakauita marudio, kwa sababu dhahabu iliyosalia hutolewa baadaye kwa sayanaidi.

Kompyuta nayo ifanye hivyo: ihifadhi kila kinachofutwa, popote kilipokuwa, na kukiangamiza kabisa kuwe tendo la pili, la makusudi.

Wawili kati ya wazee wale wamekwisha kufariki. Waliondolewa machimboni kwa amri ya serikali. Ushahidi wao nimeufuta mimi.