Nitoe Bunduki Ipi?

Labda mtashangaa kuona habari za bunduki katika gazeti la misioni. Lakini sisi Wakongo tuliohamia Marekani, katika jimbo la Maine, tumekuta nchi ambapo mtu huingia dukani na bunduki moja na kutoka na nyingine, kama sisi tulivyobadilishana mbuzi na kuku sokoni. Na mwenye kubadili lazima ajiulize: nitoe ipi? Swali hilo limenishika wiki tatu.

Niliyoitaka ilikuwa bunduki ya Winchester iliyokwisha kutumika, aina ya 1894. Aliyeibuni ni John Moses Browning, na tangu mwaka huo zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Haina komeo la kuvuta kando. Chini yake kuna wenzo wa chuma unaozunguka kifyatulio. Ukiuteremsha na kuurudisha, ganda tupu linaruka nje na risasi mpya inaingia. Ni nyembamba, uzito wake kama kilo tatu, nawe waweza kupita nayo kati ya matawi bila kukwama.

Risasi yake, wanayoiita .30-30, haikutengenezwa kwa kwenda mbali. Sababu yake inapendeza kuijua. Risasi hulala katika bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kama kichwa cha moja kingekuwa na ncha kali ya chuma, kingeweza kugonga fataki ya ile iliyo mbele yake, nalo bomba likapasuka mkononi mwa mwindaji. Kwa hiyo tangu zamani vichwa vyake ni butu, na kitu butu hakipiti hewani vizuri. Baada ya mita 150 hivi inaanza kuanguka upesi. Lakini msitu wa Maine ni wa miti iliyosongamana, misonobari na mingine, na mara nyingi macho hayafiki hata mita 80. Ayala wa huku, mwenye mkia mweupe, anafanana na mbawala wetu, ila pembe za dume zina matawi. Unamwona ghafula, yuko karibu, kisha hayupo.

Basi, nyumbani nilikuwa na tatu. Ya kwanza, kalibri 12, ya ndege: kwale wa msituni na bata mzinga. Ya pili, bunduki ya komeo ya .30-06 yenye darubini, ambayo niliuziwa kwa bei ndogo sana na mzee mmoja wa parokia alipoona nimeipenda kazi ya kuwinda. Ya tatu, bastola ya milimita 9, niliyoinunua wakati nilipolinda ghala usiku. Kazi ile imekwisha siku nyingi.

Mwenye duka alitaka dola 800 kwa ile Winchester. Akazitazama zangu, akasema: ya komeo 400, bastola 250, kalibri 12 dola 150. Msimlaumu, yeye naye anapaswa kuziuza tena na kupata faida. Rafiki zangu walipiga hesabu upesi: «Toa ya komeo na kalibri 12, ongeza 250. Bastola iweke, hujui siku wala saa.» Kwa fedha tu, shauri lao si baya sana. Lakini kuku wa mtu hahesabiwi kwa bei peke yake. Unatazama pia yupi anataga na yupi anadonoa watoto.

Mimi nilikulia Kivu. Mjomba wangu alikuwa na gobole, baruti ikishindiliwa kwa mdomo wa mtutu, risasi moja tu, na ukikosa, basi, mnyama amekwenda zake. Ilitundikwa ukutani, na sisi watoto tuliiangalia kama tulivyoangalia jembe na shoka. Ilikuwa chombo cha mboga. Baadaye zikaja bunduki nyingine, na wenye kuzibeba hawakuwinda kanga. Ndizo zilizotufanya tuvuke ziwa usiku, tukaishi kambini Tanzania, na mwisho tukafika huku. Kwa hiyo mimi na mama watoto tunajua bunduki za namna mbili. Tofauti yake haimo katika chuma. Imo katika jibu la swali hili: imetengenezwa kwa ajili ya nani?

Tarehe 25 Oktoba 2023, mjini Lewiston, mtu mmoja aliua watu 18 katika mahali pawili pa kuchezea na kunywea. Kwa siku mbili tulifungiwa nyumbani, shule zimefungwa, barabara tupu, mpaka maiti ya mwuaji ilipoonekana. Watoto wangu, waliozaliwa huku, waliniuliza kwa nini mama yao anaweka magodoro kwenye madirisha. Yeye hakujibu. Mikono yake ilikumbuka kazi ile yenyewe.

Tuseme kweli yote. Katekismu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2263 hadi 2265, inafundisha kwamba mtu ana haki ya kulinda uhai wake, na kwamba kwa yule aliyekabidhiwa uhai wa wengine kulinda kunaweza kuwa wajibu mzito. Mkristu anayeweka bastola kwa sababu hiyo simhukumu. Nilipolinda ghala niliibeba, na usiku nililala vizuri. Lakini sasa? Tunakaa katika nyumba ya ghorofa yenye kuta za mbao na karatasi ngumu. Risasi ya milimita 9 inapita ukutani mpaka kitanda cha jirani. Watoto ni wanne. Ikifungwa katika sanduku la chuma, haitanisaidia mwizi akija ghafula. Isipofungwa, mkono wa kwanza kuifikia huenda ukawa wa mtoto. Niliyapima hayo siku nyingi, nikaona bastola haina kazi kwangu ila kumngojea mtu. Basi, hiyo itoke kwanza.

Hapo ilibaki shida nyingine, nayo iliniuma zaidi. Kalibri 12 sikutaka kuitoa, kwa sababu hakuna kitu kingine kitakachoniletea kwale. Ya komeo ndiyo iliyofanya kazi ileile ya Winchester, tena ikizidi mahitaji yangu: nguvu yake ni ya mahali peupe, ya kupiga mita 300 ng'ambo ya shamba. Mimi sipigi mbali hivyo. Lakini ilitoka kwa mzee! Kwetu, kitu ulichopewa kwa upendo hukipeleki kwa mfanyabiashara bila neno.

Nikamwendea Jumapili baada ya Misa, mbele ya basilika ya Watakatifu Petro na Paulo. Yeye ni mjukuu wa watu waliotoka Kanada kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Lewiston, na Kifaransa hakijamtoka kinywani. Ndiyo lugha iliyotupatanisha, yeye na Kifaransa cha babu zake, mimi na kile nilichofundishwa na masista wa Kibelgiji. Huniambia habari za Mtakatifu Hubert, askofu wa Liège, msimamizi wa wawindaji, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba, wakati wa kuwinda ayala huku. Nilistaajabu kwamba mtakatifu wa Wabelgiji nimejulishwa na mtu wa Maine.

Nikasema, «Mzee, nimekuja kuomba ruhusa. Ile bunduki yako nataka kuibadili.»

Akanyamaza kidogo. «Bunduki si yangu tena, kijana wangu. Ulilipa.»

«Nililipa kidogo. Iliyobaki ilikuwa heshima, na heshima haiuzwi dukani.»

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza duka limesema bei gani. Nikamwambia 400. «Mimi nitakupa hizo 400,» akasema. «Mjukuu wangu wa kike amemaliza mafunzo ya kuwinda, anatafuta bunduki.» Hivyo hesabu haikupungua hata dola moja, na ya komeo ikarudi kwa ukoo wake.

Kabla ya kulipa niliichunguza ile Winchester bila haraka. Kichwa cha parafujo kilicholiwa huonyesha kwamba mtu asiye fundi ameifungua. Niliangaza taa ndani ya mtutu. Mifereo ilikuwa mikali, bila kutu. Niliufunga wenzo na kuutikisa, haukulegea. Nyundo nikaiweka katika hatua ya nusu, nikakisukuma kifyatulio, haikuanguka. Ndipo nikatoa bastola, zile 400 za mzee, na 150 zangu. Nikajaza karatasi ya serikali namba 4473, jina langu likaulizwa, jibu likarudi kwamba hakuna kizuizi.

Mama watoto aliipokea kwa macho tu. «Na ile ndogo, Baba?» Nikamwambia haipo. Akataka nimwonyeshe namna ya kuondoa risasi zote katika hii mpya, kwa maana risasi zilizo ndani ya bomba hazionekani kwa nje. Tukaifungua na kuifunga mara kumi, tupu, mpaka akaridhika. Ufunguo wa sanduku akauchukua yeye.

Novemba mzee atanionyesha mahali pa kukaa karibu na kijito, nguo za rangi ya machungwa mwilini na kofia kichwani kama sheria inavyotaka. Mjukuu wake atakaa upande wa pili wa kilima. Jumapili sheria ya Maine inakataza kuwinda, kwa hiyo siku hiyo tutaonana Misani.