Filta Huganda Siku Inapofungwa

Mashua za injini zinazovuka kati ya Kilindoni, Mafia, na Nyamisati hubeba nazi, samaki, wagonjwa na wanafunzi. Usalama wao wote umo katika kifaa ambacho abiria hakioni: filta ya dizeli. Nozeli za injini hupuliza mafuta ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, kupitia vitundu vyembamba mno, na punje ya kutu au maji kidogo yanatosha kuziharibu. Ndiyo maana filta haina budi kubadilishwa, na ili ibadilishwe ni lazima kwanza itoke. Kazi hiyo ya kuitoa nimeiona ikigeuka tangu nilipokuwa kijana wa kumshikia mjomba tochi.

Mashua ya mjomba ilikuwa na Perkins 4.108, injini ya Kiingereza ya silinda 4. Filta yake ilikuwa ya mtindo wa zamani, imebanwa kati ya kichwa kilicho juu na kikombe kilicho chini, kwa bolti moja inayopita katikati. Bolti ikishalegea, filta ilitakiwa ishuke yenyewe, lakini mara nyingi mpira wa juu ulikuwa umegandia kichwani. Mjomba hakuivuta. Aliishika kwa viganja viwili, akaizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka mpira ukaachia. Kisha alipitisha kidole kwenye mfereji wa mpira, akauzunguka wote.

“Mpwa wangu,” aliniambia, “mpira wa zamani ukibaki humu ukaweka mwingine juu yake, umejitafutia balaa.”

Baadaye zikaja injini zenye filta za kopo, zile za kuzungusha. Tulifurahi, maana hapakuwa tena na kikombe wala vipande vya kupoteza. Lakini mafundi wengi walizikaza kwa spana kwa nguvu zao zote, wakihofia kuvuja. Baada ya miezi kadhaa ya hewa ya chumvi, mpira umeng’ang’ania, nyuzi zimeshika kutu, na kopo halitikisiki. Hapo ndipo bisibisi ilipopigwa nyundo ikatoboa kopo upande hadi upande, igeuzwe kuwa mpini. Bati likachanika kama karatasi, dizeli ikamwagika juu ya mataruma, na kitako cha kopo kikabaki palepale. Ikabidi kigongwe ukingoni kwa tindo, taratibu, na tindo ikiteleza, kichwa cha filta nacho kimepata jeraha.

Tatizo jingine lilikuwa upande wa kuzungushia. Kopo huning’inia chini ya kichwa chake, na kulegeza ni kinyume cha saa ukiitazama filta kutoka chini. Fundi aliyeinama juu ya injini huiona kutoka juu, na kwake mwelekeo huo ni ule wa saa. Nimewaona watu wazima wakitoa jasho huku wanazidi kuikaza.

Siku hizi bisibisi imeachia nafasi mkanda. Mkanda wa kukaba huzungushwa kwenye kopo karibu na kitako, penye bati imara, na ukiteleza, kipande cha msasa chini yake huufanya ushike. Lakini mageuzi makubwa zaidi yako katika kufunga. Mafundi ninaowaheshimu hufuta kichwa kwa kitambaa safi, huhakikisha mpira wa zamani umetoka, hupaka mpira mpya dizeli safi, kisha huzungusha kwa mkono mpaka mpira uguse. Baada ya hapo huongeza nusu mzunguko au robo tatu, kwa mkono uleule. Spana hukaa sandukuni. Mwisho hulegeza skrubu ya kutolea hewa, wakapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke tupu.

Filta iliyofungwa hivyo hutoka bila ugomvi. Na faida yake si kuokoa muda gatini peke yake. Filta inaweza kuziba katikati ya mkondo wa Mafia wakati wa kusi, injini ikazima, na mashua ikageuka ubavu kwa mawimbi. Atakayeifungua hapo huenda asiwe fundi, bali baharia kijana mwenye mikono yenye mafuta. Kila anayefunga filta na amfungie huyo.